Saa Moja Kabla ya Komunyo

Kosa langu kubwa la kanisani lilikuwa la hesabu. Nilisoma kwamba Mkatoliki hatakiwi kula kitu saa moja kabla ya kupokea komunyo, nami nikaihesabu saa hiyo kuanzia kengele ya kuanza Misa. Mtu mwingine yeyote angekumbuka kwamba kati ya kengele ile na komunyo, katika parokia yetu huku juu Kibosho, kuna nyimbo ambazo kwaya haikubali kuruka hata ubeti mmoja, kuna masomo, kuna mahubiri, na kuna matoleo yanayoletwa kwa kucheza, mikungu ya ndizi kichwani, na mara nyingine jogoo asiyetaka kutolewa. Kwa padri wetu, mahubiri peke yake yanatosha kumaliza mfungo. Mimi sikuwaza hayo. Nilihesabu, nikaridhika, kisha nikaenda kumwambia bibi yangu.

Inabidi nieleze nilikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo nitaonekana mkorofi tu, na sikuwa mkorofi. Nilikuwa mwoga.

Nilibatizwa huku mlimani nikiwa mchanga, halafu wazazi wakahamia Morogoro kutafuta maisha, na huko Jumapili ilikuwa siku ya kufua. Komunyo ya kwanza niliipata shuleni pamoja na darasa zima, siku ambayo ninachokumbuka vizuri ni soda. Nilirudi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nikafungua kibanda cha kutengeneza simu Moshi mjini, na bibi akanipa chumba, kwa hiyo asubuhi nilishuka mjini na jioni nikapanda. Jumapili ya kwanza niliyokwenda naye Misa, watu walipopiga magoti mimi nilisimama, waliposimama nikakaa, na wimbo ulipokwisha nikaitikia Amina peke yangu kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapiga kinanda. Mama aliyekuwa nyuma yangu alinivuta shati. Alifanya hivyo kwa upole, lakini nililala na ule mvuto wa shati wiki nzima.

Ufundi wa simu nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama video na kuharibu simu zangu mbili. Nikaona Misa nayo inaweza kufunguliwa hivyohivyo. Nilinunua kitabu cha sala kilichotumika, nikapekua mtandaoni, nikaanzisha daftari. Humo niliandika lini mtu anasimama, lini anainama, goti lipi linagusa sakafu mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, mkono upi unakuwa juu wakati wa kupokea. Baada ya miezi mitatu nilikuwa siwezi kukosea.

Na mtu asiyekosea huanza kuwaona wenzake. Nilijua nani anachovya mkono mzima kwenye maji ya baraka kama anayenawa kabla ya kula. Nilijua nani anapiga goti nusu, kama mtu aliyedhani ameangusha funguo halafu akazikuta mfukoni. Niliwajua akina baba wanaosimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili wawe wamesali na pia wawe wamezungumza habari za kahawa. Niliwajua wanaoingia Injili ikiwa inaisha na wanaotoka komunyo ikiwa bado mdomoni. Njiani kurudi nyumbani nilimsomea bibi orodha yote.

“Wewe unakwenda kusali au unakwenda kukagua?” aliniuliza siku moja.

“Bibi, ni suala la heshima kwa Mungu.”

“Amekutuma?”

“Hajanituma.”

“Basi mwache. Anaona mwenyewe.”

Ningemsikiliza, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Bibi ana kisukari. Kila asubuhi anameza vidonge vyake pamoja na kibakuli cha mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama anaoupika tangu jioni na kuupasha alfajiri. Jumapili hufanya hivyo saa kumi na mbili kasorobo, tunatoka saa kumi na mbili, na Misa ya kwanza inaanza saa kumi na mbili na nusu. Jumapili hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko nikimsubiri, viatu vimeng'aa, na sheria niliyoisoma usiku uliopita ikiniwasha ulimini.

“Bibi, na komunyo?”

“Komunyo imefanya nini?”

“Umekula. Misa inaanza baada ya dakika arobaini na tano. Sheria inasema saa moja.”

Alitazama kibakuli, akanitazama mimi.

“Ninakula hivi tangu daktari aliponiambia. Ni miaka sasa.”

“Basi miaka yote hiyo…” nilianza, na kabla sijamaliza neno lilikuwa limeshafika.

“Imeandikwa?”

“Imeandikwa.” Nikamwonyesha simu.

Bibi hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa chumbani. Aliutazama mwanga wa kioo cha simu kwa adabu ileile anayokipa kila kitu kilichoandikwa, iwe barua ya serikali au karatasi ya mbegu. Kisha akakifunika kibakuli kwa kisahani, ingawa mtori ulikuwa haujafika nusu.

“Twende,” alisema.

Wakati wa komunyo benchi letu lote lilinyanyuka. Bibi alibaki. Watu walimpita magotini, wengine wakimgusa bega wakidhani amesinzia. Nami, hili ndilo linaloniumiza zaidi kulikiri, nilirudi kutoka kupokea nikiwa nimefumbata mikono na kuinamisha macho kama kitabu kinavyosema, nikapiga magoti kando yake, na moyoni nikajiona nimemtendea wema.

Asiyekaa huku kwetu huenda asijue uzito wa kubaki kwenye benchi. Mtu akibaki, amejitangaza. Kijana akibaki, watu wanasema anaishi na mtu bila ndoa. Baba akibaki, amegombana na ndugu kwa ajili ya kihamba, yaani shamba la urithi lenye migomba na kahawa. Sasa kwa mjane wa miaka sabini na kitu, orodha ya dhambi zinazowezekana ni fupi, kwa hiyo watu walilazimika kubuni. Jumapili ya pili alibaki, na nikaona vichwa vikigeuka. Jumapili ya tatu alibaki, na vichwa havikugeuka tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu maana yake habari ilishazunguka.

Jumatatu jioni alikuja mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Ni mama wa makamo, na ndiye jirani yetu wa upande wa chini. Mimi nilikuwa mezani na simu ya mteja iliyofunguliwa vipande.

“Shikamoo, mama,” alimsalimia bibi.

“Marahaba. Umekuja kuomba chumvi au kuniangalia?”

“Vyote viwili.” Akakaa. “Mama, watu wanasema.”

“Wana midomo. Ulitaka waifanyie nini?”

“Wanasema umegombana na paroko.”

“Mbona alikuwa hapa juzi akanywa chai?”

“Wengine wanasema una mchumba.”

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. “Mchumba? Mwambie aje kesho, kahawa inataka kupaliliwa.”

Mwenyekiti alicheka naye, lakini alipomaliza hakuwa amesahau alichokuja nacho. “Sasa ni nini, mama?”

Nilikuwa nimeshika bisibisi ndogo kuliko kijiti cha meno. Nilijua bibi ana jibu moja tu la kweli, na jibu hilo lilikuwa limekaa pale mezani likijifanya linatafuta skrubu. Bibi alinitazama mara moja. Akamgeukia mgeni wake.

“Ni jambo langu na Mungu. Kunywa chai, itapoa.”

“Ninauliza kwa sababu ya Misa ya mzee. Ni Jumamosi ya wiki ijayo. Padri atakuja hapahapa kihambani, mbele ya kaburi. Watoto wako wanatoka Dar na Arusha. Sisi wote tutapokea, halafu wewe, mwenye mzee wako, utakaa kwenye kiti?”

Bibi alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja tena. Nilielewa kwamba katika mambo yote ya siku ile ya kumkumbuka babu, turubai, chakula, wageni, yeye alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, na mimi ndiye niliyekifunga.

Hata hivyo niliendelea kutafuta skrubu. Niliogopa kwamba sheria ni sheria, na niliogopa zaidi kwamba huenda sikuielewa.

Jumapili iliyofuata niliamka nikamkuta bibi ameshavaa. Jiko lilikuwa baridi.

“Leo nimefunga vizuri,” alisema, kama mwanafunzi aliyemaliza zoezi.

“Na dawa?”

“Dawa inataka chakula. Nitameza nikirudi.”

Tulifika kwenye kona ya mawe, pale barabara inapokuwa mbaya kuliko sehemu nyingine mbaya, akasimama. Nilidhani anapumzika. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji na kitenge chake cha Jumapili, yeye ambaye hukunja gazeti akalitandika kabla ya kukaa hata kwenye benchi safi. Nilikimbilia nyumba ya karibu kuomba sukari, wakanipa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, nikamnywesha taratibu hadi rangi ikamrudia. Nilimwambia turudi nyumbani. Akakataa. Tukaingia kanisani mahubiri yakiwa yameshaanza, mimi niliyekuwa nikiwahesabu wachelewaji, na wale akina baba wa mlangoni wakatupisha na mmoja akamletea bibi kiti.

Komunyo ilipofika alibaki. Alikuwa amekunywa chai.

Tukiwa njiani kurudi, alisema bila kunitazama, “Mjukuu wangu, nimeshindwa. Nikila sipokei. Nisipokula sifiki.” Tukatembea kidogo. “Siku ya babu yako nitakaa tu. Ataelewa.”

Mchana huohuo nilikwenda kwa katekista. Ningeweza kwenda kwake wiki tatu nyuma. Nyumba yake iko umbali wa kuitana. Sikwenda kwa sababu kumuuliza kungeonyesha kwamba sijui, nami nilikuwa nimejenga kila kitu juu ya kuonekana ninajua. Ni mwalimu mstaafu. Nilimkuta zizini, amevua shati la Misa, anakatakata majani ya migomba kwa panga kwa ajili ya ng'ombe.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Leo mmechelewa. Nimeona.”

Nilimweleza yote, nikiwa nimeshika daftari langu kifuani. Alisikiliza bila kuacha kazi.

“Sheria umeisoma wapi?”

“Kwenye simu.”

“Ikasema saa moja kabla ya nini?”

“Kabla ya kupokea.”

“Na komunyo pale kwetu Jumapili inagawiwa saa ngapi?”

Nikaanza kujibu, nikanyamaza.

“Usinyamaze. Wewe ni fundi. Mtu amekula saa kumi na mbili kasorobo, anapokea saa mbili kasorobo. Amefunga kwa saa ngapi?”

“Mbili.”

“Mbili. Anadaiwa moja, ametoa mbili. Hata hiyo chai ya leo ilikuwa ndani ya sheria.” Akasogeza majani kwa mguu. “Halafu wazee na wagonjwa hawabanwi na saa hiyo hata kidogo. Na dawa haijawahi kumvunjia mtu mfungo. Hayo nayo yameandikwa. Hukuyaona?”

“Sikufika huko chini.”

“Hukufika chini,” alirudia. Hakucheka, na ningependa angecheka. Ng'ombe aliacha kutafuna akanitazama naye.

“Nimemkosea bibi, mwalimu. Nifanyeje?”

“Wewe ni Mchagga au umekuja kupanda mlima?”

Nilielewa. Huku kwetu, mtu aliyekosa hupeleka isale, jani refu la ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukilipeleka limefungwa fundo, umeomba msamaha, na uliyemkosea haruhusiwi kulikataa. Mtu mzima mwenye busara hukata jani moja, hulifunga, huenda. Mimi nilitoa simu kwanza. Nilitaka kujua fundo linafungwa upande gani na jani liwe refu kiasi gani. Nikapata majibu matatu yanayopingana, nikayajaribu yote, na kila fundo lililokaa vibaya nililitupa nikakata jani lingine. Jua lilikuwa bado halijazama nilipoingia uani na jani la tisa.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Nilipiga magoti, yote mawili, nikamnyooshea jani.

Alilitazama bila kulipokea. “Umelikata wapi?”

“Pale nyuma ya zizi letu.”

“Pale ndipo mpaka wetu na mwenyekiti.”

“Sikujua.”

“Umekata moja?”

“Tisa.”

“Tisa.” Akaweka ungo chini. “Babu yako na baba mkwe wake yule mama waligombania mpaka ule hadi wote wawili wakazikwa. Wewe umeunyoa jioni moja. Itabidi umpelekee isale na yeye, na sijui utalikata wapi.”

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudia saa, nikitaja alichosema katekista kabla ya kueleza nilichokosea mimi. Alinisubiri nifike.

“Kwa hiyo nilikuwa sawa.”

“Ulikuwa sawa, bibi.”

“Miaka yote.”

“Yote.”

“Na hizi Jumapili nne.”

“Na hizi.”

Hapo uso wake haukuwa na utani. “Unajua nilivyokuwa nimekaa pale? Kama mtu aliyekwenda harusini bila kadi. Unaona sahani zinapita, unatabasamu.” Akaokota harage bovu, akalitupa kwa kuku. “Ungeniambia tu, twende tukaulize. Ningekwenda na wewe. Hata mimi nilikuwa sijui, nilikuwa nakula tu.”

Mikono ilikuwa imeanza kuchoka lakini sikuthubutu kuishusha.

“Lete,” alisema hatimaye. “Isale halikataliwi. Ningependa kulikataa kidogo, hadi kesho asubuhi hivi, lakini mila hairuhusu.” Akalipokea, akaligeuza. “Na fundo umelifunga kama kamba ya mbuzi. Aika, hata hivyo.” Asante, kwa Kichagga chetu, na alivyolisema nilijua limekwisha.

Jumamosi ya Misa niliamka kabla yake. Niliupasha mtori mwenyewe, nikampelekea na vidonge vyake. Alikula taratibu akinitazama juu ya kijiko, akamaliza, akakwangua kibakuli hadi kikalia, nadhani kwa makusudi.

Saa nne altare ilikuwa tayari chini ya turubai: meza yetu ya kulia chakula, kitambaa cheupe, kaburi la babu likiwa hatua chache tu pembeni na maua mapya. Upande wa jikoni sufuria kubwa ya kiburu, ndizi na maharage, ilikuwa inatokota, na harufu ilikuja hadi kwenye masomo. Simu ya mjomba wangu mmoja iliita wakati wa Injili, ikaita hadi ikachoka. Shangazi alivaa miwani ya jua hadi mwisho. Niliyaona yote. Nilitazama nyasi.

Komunyo ilipofika, hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa wanangoja, na kila mtu alijifanya hangoji. Bibi alisimama. Nilimshika kiwiko, mwenyekiti akavuta kiti kando ili apite vizuri, na yeye akaenda mbele ya padri kwa hatua zake fupi, akapokea, akasema Amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akarudi akakaa akiuelekea upande wa kaburi, macho amefumba. Wengine ndipo wakaanza kupanga mstari.

Mwenyekiti alimwinamia aliporudi mahali pake. “Mama, kumbe hakukuwa na kitu?”

“Nyamaza, tunasali,” bibi alisema bila kufumbua macho.

Alikaa hivyo muda mrefu. Padri alimaliza kugawa, akasafisha vyombo, akasubiri kidogo kabla ya kusimama kwa sala ya mwisho, na nadhani alikuwa anamsubiri yeye.

Tangu wakati ule sijamwambia mtu sheria ambayo sijaisoma hadi mwisho, na nisiyoielewa naenda kuiuliza, hata kama swali linanitia aibu. Makosa ya watu kanisani bado nayaona. Sijapona, na huenda sitapona. Ila siyatamki tena. Bibi anapokea kila Jumapili, nami napanga mstari nyuma yake.